Mwaka Niliobeba Funguo za Meli

Mwaka huu, wakati wa kupalilia mahindi, tulimzika Bosi. Nasema tulimzika kwa sababu nilikuwepo, nimekaa safu ya mwisho kabisa kwenye viti vya plastiki, mwavuli mapajani, nikisikiliza wakubwa wakipokezana kipaza sauti. Mmoja akasema marehemu aliajiri vijana. Mwingine akasema marehemu alikuwa mtu wa kuona mbali, kwamba ndiye wa kwanza kutuletea hoteli ya kuelea majini, wakati sisi wengine tulidhani hoteli ni chai na mandazi tu. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyesema hoteli hiyo iliisha vipi. Hakuna aliyemtaja Mzee Wandera. Nilishikwa na hasira mpaka mwavuli ukanianguka, na mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Nikamwambia nimekula, asante. Lakini wacha niseme ukweli, maana nimechoka kuuzunguka: hasira ile haikuwa ya Bosi peke yake. Miaka karibu thelathini nilikuwa nimebeba neno moja ambalo ni mimi tu wa kulisema, na hapo nilikuwa nimekaa nikingoja mtu mwingine asimame anisaidie kulisema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bosi alikuwa amepata pesa Malaba, pale ambapo malori ya kwenda Uganda yalikuwa yanalala hata wiki nzima yakingoja karatasi, na dereva ni lazima ale, aoge, alale. Vyumba vyake vya wageni vilikuwa vinajaa kila siku, lakini roho yake haikutulia. Kuna mtu alimpa kalenda yenye picha ya meli ya bahari, kubwa kama mtaa mzima, iliyostaafu huko ng'ambo ikafungwa ufukweni na kufanywa hoteli. Bosi aliibeba kalenda hiyo kila mahali, hata ilipopitwa na mwaka. "Angalia," alikuwa anasema, akiigonga kwa kidole. "Wazungu wanalala kwa meli mzee, meli haiendi mahali, na wanalipa. Kwani sisi tuko na kasoro gani?" Basi akanunua meli yake. Haikuwa ya bahari. Ilikuwa meli ya abiria ya ziwa letu, iliyochoka ikawekwa kando, inangoja kukatwa vyuma. Ikavutwa na meli nyingine mpaka chini ya Port Victoria, upande wa Budalang'i, ikafungwa kwa minyororo, ikapakwa rangi nyeupe na buluu, na juu ya jina lake la zamani likaandikwa jina la mama yake Bosi, Felista. Ile kalenda ikapigiliwa msumari mapokezi. Hapo chini yake ndipo nilipokuwa nakaa mimi, funguo zote za Felista zikining'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Sijawahi kujisikia mkubwa vile tena, hata siku ya harusi yangu.

Nikifumba macho naweza kuitembea yote. Juu kabisa ukumbi wa kula na kucheza, umeezekwa turubai. Katikati vyumba vya wageni wa maana, vyenye pazia za lesi na godoro nene. Chini, karibu na maji, vyumba vya bei nafuu na jikoni, harufu ya dizeli na samaki wa mbuta wa kukaanga vimeshikana mpaka huwezi kuvitenganisha. Nguo zangu zilinuka hivyo mwaka mzima. Wageni walikuwa wachuuzi wa Busia, mawakala wa mpakani, wakubwa wa ofisi waliokuja Ijumaa na wanawake ambao hawakuwa wake zao. Ukipita na trei uliyasikia yote: nani amehamishwa, nani amepitisha nini upande wa pili, bei ya mchele Kampala. Walikula samaki wa ngege mzima mzima kwa ugali wa muhogo na mtama, wakanawa mikono, wakasema, "Hii ni maisha." Na kweli, ungetoka nje jioni ukaona magugu maji yametanda kijani mpaka mbali, ungedhani umekaa katikati ya shamba.

Sasa nije kwa grili. Mtu wa Busia akijenga nyumba, hata kabla ya kununua mlango, anafikiria mwizi. Ni mazoea ya mpakani. Mtu anaiba huku, dakika tano yuko nchi nyingine. Bosi aliona vile vidirisha vya duara vya meli, vidogo kama sahani, akasema hakuna mgeni atakayelipa kulala kama panya. Akaleta mafundi wa kuchomelea kutoka Busia, wakakata ubavu wa meli pande zote mbili, wakatia madirisha ya nyumba, mapana, yenye vioo vya kufungua na kufunga. Na juu ya kila dirisha, grili ya chuma, ile ya maua. Mlango wa kila ngazi ukapata geti la grili na kufuli. Mlango mkubwa wa juu ya injini, ule ambao zamani walipitishia vyuma, ukafunikwa kwa mbao na kupigwa msasa, ukawa mahali pa kucheza dansi. Mimi nilisimama nikiangalia cheche zikiruka na nikafikiri, maskini mimi, kwamba sasa pamekuwa kwa watu.

Mtu mmoja tu hakupenda. Mzee Wandera alikuwa fundi wa injini wa meli ile tangu ujana wake, na ilipouzwa aliifuata. "Mimi nilinunuliwa pamoja na sufuria," alikuwa anasema akicheka. Injini haikuwaka tena, lakini kazi ya tumbo la meli ilibaki yake. Alikuwa Mmarachi, mfupi, ovaroli moja ya kazi na suti moja ya kanisa. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa na mwimba besi kwenye kwaya, na pombe hakuigusa. Hata kwa matanga, busaa ikizunguka, mrija ulimruka. Siku mafundi walipomaliza, alipanda juu na ovaroli yake, akasimama mbele ya Bosi aliyekuwa anakunywa supu.

"Bosi, hizo madirisha ziko karibu na maji sana."

"Ndio mgeni aone ziwa, mzee."

"Watu wakisimama upande moja, meli inainama. Ikiinama, hiyo dirisha itakunywa maji."

"Watu watasimama upande moja kwa nini? Kwani ni ng'ombe wanaenda dipu?"

Wote tuliokuwa hapo tulicheka, na mimi nilicheka kwa sauti. Mzee hakukasirika. Akauliza, "Na hizo grili? Mwizi atakuja na nini, ataogelea?" Bosi akaweka kijiko chini. "Mzee," akasema, "wewe unajua injini. Mimi najua Busia." Mambo yakaishia hapo.

Kila asubuhi kabla ya chai nilimfungulia geti la chini, naye akanifundisha kazi yake, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyeuliza. Alikuwa na chuma kirefu chembamba alichokipaka chaki. Anakishusha kwenye tundu sakafuni mpaka kigonge chini, anakitoa, anaangalia chaki imelowa wapi, kisha anaweka vidole vyake kando yake kuhesabu. Mwanzo wa mwaka ilikuwa vidole vitatu. "Hiyo ni jasho tu," akasema. "Kila meli inatoka jasho." Pampu ya umeme ilinguruma kidogo, maji yakatoka, tukaenda kunywa chai. Kulikuwa na bomba lililotoka kwake chini likapita ukutani jikoni hadi mapokezi, na kwa spana aliligonga akinitaka: mara moja ni chai, mara mbili nimfungulie, mara tatu nije mbio. Mwaka mzima sikuwahi kusikia tatu, na mpishi alikuwa ananitania kwamba mimi na mzee tuna simu yetu.

Mvua ilipoanza, ilianza vibaya. Mto Nzoia ulivunja kingo, watu wa Budalang'i wakapanda juu ya vitanda, kisha juu ya paa, kisha wakahama na kuku zao kwenda shuleni. Bosi alisema kwake biashara ni nzuri, maana maafisa waliokuja kuangalia mafuriko walitaka mahali pakavu pa kulala. Huko chini chaki ilikuwa vidole vitano. Wiki iliyofuata, kiganja chote. Kuna bati la ubavuni, Mzee alinionyesha kwa tochi, lililokuwa limeliwa na kutu mpaka ukiligusa linabonyea. Lilikuwa linalia maji polepole. Alilibana kwa mbao na matambara na akaomba vyuma vipya, na Bosi akasema baada ya harusi, ile aliyokuwa anaandaa hapo melini. Nilipochungulia dirisha la chumba cha chini niliona magugu maji yamesogea karibu na kizingiti. Zamani ilibidi niiname niyaone. Nilijua maana yake, kwa sababu Mzee alinieleza: yale hayapandi, ni sisi tunashuka. Nikafunga vioo, nikapanda kuandaa meza.

Jumapili mke wake alikuwa anatoka Marachi kumwona, Mama Nekesa, mwanamke mrefu mwenye leso mbili. Alisimama nchi kavu na sufuria yake ya mboga ya mrenda. Mwaka mzima hakukanyaga daraja la kupandia melini. Nilimwita, "Mama, karibu juu unywe chai," na yeye akajibu, "Mwanangu, mimi siingii nyumba haina udongo chini." Akaniangalia kwa muda, akaangalia funguo shingoni mwangu. "Ni wewe unamfungulianga?" akauliza. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni mimi. "Basi usilale mbali," akasema. Nilidhani anatania.

Harusi yenyewe ilikuwa ya mtoto wa kwanza wa Bosi, Jumamosi, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo kama kwa heshima. Bosi alikodi muziki kutoka Busia, na jenereta ilikuwa moja. Ikatosha spika na friji. Pampu haikupata kitu. Mzee akasema basi atasukuma kwa mkono, ile pampu ya zamani ya mpini, lakini hataweza kuacha hata dakika. Bosi akafurahi. Akaniita kando, akiwa na ua kifuani. "Ajiambo, mfungie huko chini. Sitaki wageni washuke wakaone ile uchafu, na sitaki yeye apande na hiyo ovaroli yake katikati ya wakwe. Tukimaliza keki utamfungulia." Nilisema, "Sawa Bosi." Nilishuka. Mzee alikuwa amevua shati, anasukuma mpini, maji yakimfika juu ya vifundo. Nilimwambia nimeambiwa nifunge. Akasimama, akapangusa uso. "Basi ukisikia tatu, mwanangu, usiulize mtu." Nikasema sawa mzee. Nikafunga kufuli, nikalivuta kuhakikisha limeshika. Mkono huu.

Mnajua vile bibi harusi anapokelewa kwetu. Mashangazi wa bwana harusi wanamziba njia. Anatembea hatua tatu, wanasimama mbele yake, wanacheza, wanapiga vigelegele, haendi mpaka watu wake watoe kitu, kisha hatua tatu nyingine. Inaweza kuchukua saa nzima na hakuna anayelalamika, maana huo ndio utamu wenyewe. Bibi harusi alishuka kwenye gari upande wa nchi kavu. Mashangazi wakamziba darajani. Na ukumbi wote juu, kila mtu mwenye shingo, akahamia upande huo aone. Walipanda viti. Walibeba watoto mabegani. Mimi nilikuwa mlangoni mwa mapokezi, chini kidogo, na hapo nikasikia bomba. Tatu. Nikageuka, nikamwona Bosi hatua mbili kutoka kwangu, naye amesikia. Akatikisa kichwa. "Mzee anataka nini saa hii? Wacha kwanza." Ningesema nilimwogopa, na ni kweli. Lakini pia nilitaka kuona gauni. Lilikuwa na mkia mrefu na wasichana wawili wameushika usiguse matope. Bomba likagonga tena tatu. Shangazi mkubwa alikuwa ameinama, anatikisa mabega, bibi harusi anacheka nyuma ya shela, na mimi nilikaa hapo kwa muda wa wimbo mmoja. Nimeupima mara nyingi. Ni wimbo mmoja mzima.

Kisha trei ya soda ikateleza kwenye meza peke yake. Hakuna aliyeigusa. Ikaenda polepole mpaka ukingoni, ikaanguka, na watu wakacheka. Halafu meza yenyewe ikafuata. Chini yetu nikasikia sauti nzito ya kumwagika, isiyokwisha, nikajua madirisha yanakunywa. Ndipo mayowe yakaanza. Watu walimiminikia daraja, mashangazi wakawa wanavuta watoto badala ya kuziba njia. Na kwa kuwa hapo maji hayakuwa na kina kirefu, Felista ilikaa chini kwenye matope, sehemu ya juu ikabaki nje. Wageni wote walitoka wakiwa hai, wengine wameumia miguu, wengine wamelowa tu. Ndiyo maana watu bado wanasimulia habari hiyo wakicheka.

Mimi nilishuka. Hilo nalo ni kweli, ingawa halinisaidii. Ngazi ya chini ilikuwa giza na maji yalinifika kifuani, baridi, yamejaa vitunguu na sahani zinazoelea. Mimi ni mtu wa Bumala, mbali na ziwa, sijui kuogelea. Geti lilikuwa mbele yangu hatua kama kumi. Nikashika funguo. Nikaita, "Mzee!" Naye akajibu, sauti ya kawaida kabisa, kama ananiagiza chumvi: "Ajiambo, usikuje. Rudi. Rudi juu."

Nikarudi. Mwaka ule nilipewa amri nyingi, na hiyo niliitii haraka kuliko zote.

Jioni ile chifu na polisi walikaa kwenye viti vya harusi wakiandika. Bosi akawaambia mzee alikuwa amekunywa, alilala akaacha maji yajae, harusi bwana, unajua vile inakuwanga. Wakanigeukia mimi. Bosi hakunitisha wala hakunikanyaga mguu. Aliniangalia tu, ua bado liko kifuani. Nikasema, "Ndio. Alikuwa amekunywa." Nilipoulizwa kuhusu geti nikasema sikumbuki. Na kanisa lake huko Marachi lilikuwa na sheria yake: mtu aliyekufa kwenye ulevi haimbiwi. Nilienda mazishi. Mzee wa kwaya, besi, alishushwa kaburini kimya, unasikia koleo tu. Mama Nekesa alisimama wima wakati wote. Mimi nilisimama nyuma ya migomba na sikufungua mdomo.

Nimeuza nyanya Bumala miaka yote hii. Nimelea watoto, nimepeleka mmoja chuo. Nyumba yangu haina grili, na majirani wananiona mjinga. Lakini siku hiyo ya mazishi ya Bosi, makofi yalipoisha, niliona kwamba sasa hakuna wa kuniangalia tena na ua kifuani, na bado nilikuwa nimenyamaza. Nikaaibika. Kesho yake nikapanda piki ya boda nikaenda Marachi, bila kuambia mtu.

Mama Nekesa sasa amepita umri wa miaka themanini. Nilimkuta nje, anachambua maharagwe kwenye ungo, binti yake Nekesa anaanua nguo. Nilipiga magoti, nikataja jina langu, na nikaanza kueleza kutoka mbali, kuhusu Bosi, kuhusu mvua, kuhusu jenereta. Akanikata.

"Sema ile ulikuja kusema."

"Mzee hakuwa amekunywa. Niliambiwa nimfungie, nikamfungia. Alinigongea mara tatu, akarudia tena tatu, na mimi nilikuwa naangalia harusi."

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Kisha akasema, "Wavuvi walikata hizo chuma kwa msumeno ndio wamtoe. Waliniambia kufuli lilikuwa nje. Mtu anajifungia namna gani kwa nje?" Akatupa jiwe. "Kwa hivyo hiyo nilijua siku hiyo hiyo. Nilienda kwa kanisa nikasema. Wakaniuliza, nani aliona? Nikasema kuna msichana wa funguo. Wakasema huyo msichana ndiye amesema alikuwa mlevi." Mara ya kwanza akainua macho. "Nilikuwa nakuona Bumala na nyanya zako. Nikisema, leo atakuja. Hata nilinunua kwako siku moja. Ulinipimia vizuri na ukaangalia pembeni."

Nilisema pole. Sijui nilisema mara ngapi. Hakuipokea wala hakuikataa. Alimwita binti yake: "Nekesa, wacha hizo nguo. Piga simu kwa mzee wa kanisa. Mwambie akuje na kwaya, yote, na besi wakae mbele. Mwambie msichana wa funguo ako hapa." Nikashtuka, nikaanza kunyanyuka, nikasema labda nirudi Jumapili, nijitayarishe, nivae vizuri. Mama Nekesa akasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikagusa goti langu.

"Kaa hapo," akasema. "Utasema mbele yao vile umesema hapa, halafu wataimba. Kutoka hapa mpaka kwa kaburi ni hatua kumi tu."

Nikakaa.